Paredi ya Tiketi

Jumatatu, 4 Agosti

Kuamka saa kumi na moja. Baridi. Lanet yote bado imejifunika. Kuku wamelishwa. Jogoo mwekundu amenidonoa kifundo cha mguu tena, na iko siku atajikuta ndani ya sufuria. Chai vikombe viwili.

Halafu Mama Chebet akaja na simu yake, amevaa ile sura ya mtu aliyeficha kitu. Bango. Picha ya binti yetu, mdomo wazi, kipaza sauti mkononi. Chebet atakuwa na shoo yake mwenyewe, ya kwanza, hapa Nakuru mjini, Jumamosi tarehe 23, saa tisa alasiri. Si zile za wachekeshaji sita kupokezana dakika kumi kumi. Yeye peke yake, saa nzima na nusu. Tiketi shilingi mia tano, zinauzwa kwa mtandao tu.

Amemtumia mamake. Mimi hakunitumia.

Sina haki ya kununa. Alipoacha kazi ya kaunta ya benki miaka miwili iliyopita akaenda kuchekesha watu, sikumwongelesha miezi saba. Siku hizi tunaongea. Mvua, kuku, magoti ya mamake. Shoo yake hata moja sijawahi kuona. Na ile ya benki hatujawahi kuigusa.

Ametutengea viti viwili vya bure. Nimekataa. Mzazi hapakui kwa sufuria ya mtoto kabla mtoto hajashiba. Nimepikia jeshi miaka ishirini na minne na hiyo sheria sijaivunja. Mama Chebet amesema yeye atakaa bure bila aibu yoyote, tiketi yake alishailipia leba, siku ya kumzaa.

Nimeandika kwenye grupu la simu la chama chetu cha wanajeshi wastaafu: Sajini anaenda na kikosi kizima. Wazee ishirini na wawili. Wote wamekubali. Nimesema, basi nimesema.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimenunua tiketi. Yaani nimejaribu.

Ukurasa unasema 500. Nikabonyeza. Jina, nikaandika. Namba ya simu, nikaandika. Nikabonyeza tena. Sasa mwisho kabisa, mtu ameshavua viatu ameshaingia, ndipo inatokea: ada ya huduma, 45. Chini yake: ada ya kushughulikia, 30. Kushughulikia nini? Aliyeshughulika ni mimi. Nimeandika kila kitu kwa kidole kimoja bila miwani.

Nikatoka. Nikanywa chai. Nikarudi. Ada zote pamoja sasa 112.

Nikadhani ni macho. Nikampigia Koplo Mutua, anayeuza viazi kando ya barabara kuu pale Gilgil. Yeye ameona 48. Nikampigia Njoroge, jirani yangu, aliyekuwa dereva wa lori jeshini. Yeye 90. Tiketi ile ile, ukumbi ule ule, mchekeshaji yule yule, na mimi ndiye babake!

Nimekasirika hadi nikachimba mtaro wote wa nyuma ya banda la kuku. Mtaro umetoka vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepigia kampuni ya tiketi. Kwanza mashine, ikanishukuru kwa subira ambayo sikuwa nayo. Halafu msichana, sauti ya upole. Nikamuuliza ada ni ngapi. Akasema, "Inategemea mambo mbalimbali, boss." Mambo gani? "Mbalimbali tu." Nikamuuliza kama akienda dukani kununua mkate huambiwa bei ya mkate ni mambo mbalimbali. Akacheka. Simlaumu. Yeye ametumwa tu.

Lakini bei ni bei. Katika mesi yangu upawa mmoja wa maharagwe ulikuwa upawa mmoja, uwe kuruti uwe kanali. Sikuangalia foleni ni ndefu kiasi gani ndipo nijue nitampa mtu maharagwe mangapi.

Kwa hivyo nimetoa amri kwenye grupu. Mtu asinunue. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, tunafungua ukurasa wote pamoja na kila mmoja anaripoti ada aliyoona. Siku itakayoshuka chini ya 30, nitatoa ishara, tutanunua kwa mpigo mmoja kabla hawajageuza.

Majibu yalikuja kama mvua. "Ndiyo Afande" ishirini na moja. Mutua ameuliza kama tuvae sare. Njoroge, ambaye ana mkono wa birika tangu nimjue, amesema huu ndio uongozi aliokuwa akiungoja.

Nimefurahi leo, wacha niseme wazi. Tangu nistaafu hakuna anayengoja amri yangu ila kuku, na hao hawatii.

Ijumaa, 8 Agosti

Paredi ya kwanza. Saa kumi na mbili kamili. Simu ishirini na mbili. Ada kati ya 87 na 103.

Njoroge alichelewa dakika mbili. Nimemkaripia mbele ya grupu. Amejitetea ati alikuwa chooni. Nimemwambia choo kina saa yake.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa. Mahubiri marefu, kwaya nzuri. Baada ya ibada Mutua alipiga simu na wazo: tuongeze simu za wake zetu, labda kina mama wanapewa ada nafuu. Nimeidhinisha. Mtu akiwa na wazo zuri hata kama ni koplo unalichukua.

Mama Chebet amekataa kuamka. Simu yake nitaishika mimi. Njoroge mke wake alitangulia mbele za haki, kwa hivyo anabaki na simu moja.

Ugali na kuku wa kienyeji. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumanne, 12 Agosti

Paredi safi sana. Simu arobaini na tatu, zote kwa wakati. Hata Njoroge.

Ada imepanda. 140. Wezi.

Lakini kuna jambo la kufurahisha. Leo chini ya picha ya Chebet kulikuwa na maandishi mekundu: watu 43 wanatazama tukio hili sasa. Arobaini na watatu! Saa kumi na mbili asubuhi! Nimemwamsha Mama Chebet nimwonyeshe. Nikamwambia Nakuru imemkubali mtoto wako, watu hawajanawa uso na tayari wanamtafuta. Akasema vizuri, akageukia ukutani.

Nimetembea hadi stendi kununua gazeti na nikawasalimia watu nisiowajua. Sijui ni kiburi au nini. Wacha iwe.

Alhamisi, 14 Agosti

Ada 163. Watazamaji 43 tena. Kila siku ni walewale arobaini na watatu, waaminifu kweli.

Jioni Chebet aliongea na mamake kwa muda mrefu na mlango ukafungwa. Mama Chebet alipotoka hakutaka kuketi. Tiketi zilizouzwa ni thelathini na nane. Mwenye ukumbi amempa hadi Jumatatu saa kumi jioni afikishe mia na hamsini, la sivyo Jumamosi hiyo anaipa watu wa harusi. Wenye harusi wako na pesa mkononi. Chebet amesema ikivunjika hapa nyumbani hatajaribu kwingine. Atarudi benki, kama watamchukua.

Zamani ningesema afadhali. Leo neno benki lenyewe sitaki kulisikia.

Sielewi. Watu arobaini na watatu wanaraukia ukurasa wake kila siku na hakuna anayenunua? Watu wa Nakuru wanapenda kuangalia tu, kama vioo vya maduka wakati wa Krismasi. Nimelitukana kimoyomoyo jiji zima, pamoja na vitongoji.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo paredi haikufanyika. Tulitoka alfajiri, wazee na kina mama, kwenda Rongai kumsindikiza Mutua. Mwanawe anaoa huko na leo ilikuwa siku ya kupeleka mahari. Kama kawaida, wenyeji wakatufungia lango. Inabidi muimbe na muombe na mtoe kitu kidogo kabla ya kufunguliwa. Kina mama wakaanza kuimba. Wazee tukakaa kwenye nyasi kando ya mahindi.

Saa nne hivi nikatoa simu, nifungue ukurasa peke yangu, ili tu niseme nimefungua. Ada: 28.

Nikasoma mara mbili. Ishirini na nane! Chini yake, maandishi mekundu: mtu 1 anatazama tukio hili sasa.

Nikasimama. Nikapiga kelele pale pale langoni kwa wakwe wa watu: "Kikosi! Imeshuka! Nunueni!" Nyimbo zikakatika. Kila mtu mkono mfukoni, kina mama ndani ya mikoba. Mimi macho kwa skrini. Watu 6 wanatazama. Watu 19. Watu 31. Ada 60. Ada 115. Watu 43. Ada 171.

Nikainua kichwa. Nikaanza kuhesabu simu zilizoinuliwa juu kutafuta mtandao. Wazee ishirini na wawili. Kina mama ishirini, na simu ya Mama Chebet, aliyebaki nyumbani, ambayo niliishika kwa mkono wa kushoto. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Ni sisi.

Hakuna watu wa Nakuru wanaoamka saa kumi na mbili. Ni sisi siku zote. Ile mashine ikiona umati inadhani ni sokoni, inapandisha. Na mtu wa kweli, kijana wa mjini mwenye mia tano yake, akija anakuta ada ya kichaa na anaenda zake. Na mimi nimekataza watu arobaini na watatu kununua. Wiki nzima. Kwa amri.

Njoroge akasema, "Afande, imepanda tena." Nikamwambia nimeona.

Lango likafunguliwa. Tumekula vizuri, mahari imepokelewa, Mutua amelia kidogo. Sikumwambia mtu. Nyumbani nikamweleza Mama Chebet. Alicheka hadi akakalia gunia la chakula cha kuku. Halafu akaacha kucheka. Nikamuomba ampigie Chebet amweleze. Akasema, "Nenda umwambie mwenyewe, Baba Chebet. Mimi si tarishi."

Naona aibu. Aibu ya kutaka kuvua ngozi.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani nimekaa nyuma. Baadaye nikaenda mjini kwa Chebet. Chumba chake sijawahi kuingia. Ghorofa ya tatu, kisafi, kitanda kimetandikwa kijeshi, kona zote zimebanwa. Alishangaa kuniona akadhani kuna mtu amekufa.

Sikukaa. Nimemwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa mbele ya kamanda. Amri, paredi, simu arobaini na tatu, Rongai. Yote. Sikujipunguzia.

Alifunga mlango. Halafu akasema, "Baba, ni nyinyi?"

Kumbe upande wake huona ni watu wangapi wamefungua ukurasa. Kila asubuhi saa kumi na mbili kamili, mstari unapanda kama mlingoti. Alidhani ni mitambo ya wahuni. Aliandikia kampuni barua tatu. Kampuni ikamjibu kwamba hongera, tukio lako linapendwa. Na kweli, wengi wakifungua pamoja ada inapanda na kukaa juu siku nzima, lakini wakija mmoja mmoja, nusu saa kwa nusu saa, haipandi. Hana uwezo wa kuigusa. Na amefungwa na mkataba, hawezi kuuza tiketi kwa njia nyingine.

"Aki Baba, mmenichomea kabisa," akasema. Akaweka kichwa mezani. Mabega yakatikisika na nikajua nimeliza mtoto. Alipoinua uso alikuwa analia na anacheka pamoja. Sijui kilianza kipi. Akafuta macho kwa mkono wa sweta akasema, "Mimi nilikuwa nataka tu uje ukae. Hata ukikuja na hasira yako, ukae tu."

Nikamuuliza zimebaki ngapi. Zimeuzwa arobaini na nne. Zinahitajika mia na sita kabla ya kesho saa kumi.

Hapo nikakaa. Nikaomba karatasi. Kama shida ni umati, dawa ni zamu. Ulinzi wa lango hauwekwi watu ishirini kwa mpigo. Mtu mmoja, nusu saa, anafungua, ananunua, anafunga, anamwambia anayefuata. Kuanzia leo saa nane mchana hadi saa tatu usiku, halafu kesho kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mmoja atafute watu wake, anunue tiketi tano au sita. Na mtu asifungue ukurasa nje ya zamu yake, hata kuchungulia. Chebet alikuwa ananiangalia nikipanga majina. Akasema sentensi moja tu, kwamba mwandiko wangu bado ni wa kutisha.

Kwenye grupu nimekiri kosa, wazi, kwa maneno machache. Nilingoja matusi. Mutua akajibu kwanza: "Afande, hata mimi nilileta wazo la kina mama. Tugawane."

Jumatatu, 18 Agosti

Zamu inaenda. Jana jioni tuliongeza thelathini na tano. Ada haijavuka 50.

Saa mbili asubuhi. Themanini na nane. Mzee wa kanisa amenunua sita bila kuuliza ni za nini.

Saa nne. Njoroge amenunua sita. Njoroge! Anawaleta watoto na wajukuu. Amelalamika kuhusu ada kwa simu tatu tofauti, lakini amelipa.

Saa sita. Mia na tisa. Mutua huko Gilgil hauzi viazi leo bila maneno. Kila anayesimamisha gari anaelezwa kuhusu binti ya sajini. Amepata mwalimu wa sekondari atakayeleta wenzake watano. Mwingine alinunua gunia akakataa tiketi. Mutua amemwita jina ambalo siandiki hapa.

Saa nane. Mia na ishirini na moja. Mmoja wetu simu yake imekufa chaji katikati ya zamu. Nusu saa imepotea. Nimezunguka nyumba mara nne. Mama Chebet ameniambia nikae chini nisimchoshee macho.

Saa tisa kasorobo. Mia na thelathini na nne. Siwezi kula.

Saa tisa na robo. Mia na arobaini na tatu. Chebet anatuma namba kwa mamake, mamake ananisomea kwa sauti kutoka jikoni.

Saa tisa na dakika arobaini. Mia na hamsini na mbili.

Mia na hamsini na mbili! Mama Chebet amepiga kigelegele hadi jirani akachungulia ua. Mimi nimekaa kwenye ngazi.

Nimeandika kwenye grupu: lengo limepita, asanteni wanaume, asanteni kina mama. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe sijanunua. Mpishi hula mwisho. Nikafungua ukurasa. Kumbe kikosi kizima, kwa furaha, wameufungua pamoja kuona namba kwa macho yao.

Ada 188. Hakuna binadamu aliyelipa zaidi yangu.

Nikalipa.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimepiga pasi suti ya kijivu asubuhi na kung'arisha viatu kwa nusu saa. Mama Chebet amevaa rangi ya machungwa. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama nyuma. Vijana wengi kuliko nilivyotarajia. Ada iliposhuka walikuja wenyewe.

Nilikaa safu ya tatu. Alipotoka, nilitaka kusimama nimwambie avae sweta.

Dakika kumi za kwanza ni benki. Meneja, foleni, kalamu iliyofungwa kwa kamba. Watu walikufa kwa kicheko. Halafu akaja kwangu. Mtu anayepima ugali kwa saa ya mkononi. Akafanya sauti yangu: "Chebet, umechelewa sekunde arobaini." Masikio yakawaka moto. Ilikuwa sauti yangu yenyewe. Sikujua inasikika hivyo kwa mtu aliye mdogo.

Halafu akasema, "Huyu mzee aliwahi kuninyamazia miezi saba. Lakini kwetu mtu akikununia hakunyimi chakula. Nilikuwa naenda nyumbani Jumapili, napakuliwa paja la kuku, lile kubwa kabisa, na mtu ambaye haniangalii usoni." Ukumbi ukaanguka. Mama Chebet akanipiga goti kwa goti. Ni kweli. Nilikuwa nampa paja. Nilidhani hakuona.

Mwisho akasimulia paredi. Yote, hadi lango la Rongai. Akaweka kipaza sauti chini, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Kikosi!"

Wazee ishirini na wawili wakasimama. Bila kufikiri. Mikono ubavuni, vifua mbele, katikati ya ukumbi wa watu wanaolia kwa kicheko. Na mimi nikiwa mmoja wao. Niligutuka niko wima.

Nilicheka. Nimecheka hadi suti ikafunguka kifungo. Njoroge alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Chebet aliniangalia kutoka kule juu, akaniacha nimesimama muda kidogo kuliko wengine, halafu akasema, "Legeza."

Jumapili, 24 Agosti

Kanisa. Chebet alikuja kwa chakula cha mchana, sauti imekauka. Amelala kwa kochi hadi saa tisa, mdomo wazi.

Alipoamka tuliketi nje na sinia la sukuma wiki. Akauliza nilionaje. Nikasema alianza dakika tisa baada ya saa. Akasema alijua nitasema hivyo. Tukachambua majani.

Halafu nikamwambia nilikosea, ile ya benki. Kwamba aliniambia mwenyewe, uso kwa uso, akitaka nimjibu, na mimi nikaondoka mezani. Akasema, "Najua Baba." Nikamwambia najua unajua, lakini hujawahi kuisikia kwa mdomo wangu.

Akasogeza kiti chake karibu na sinia, akachukua majani yaliyobaki upande wangu.

Mvua ilianza saa kumi hivi. Tumehamia jikoni.